Kashata ya Kizungu: Kilichomo Ndani ya Baa ya Protini

Mpika kashata wa Pwani hana haja ya kipimajoto. Huweka sukari na maji kidogo kwenye sufuria, akakoroga, akangoja povu jeupe litulie na shira ianze kuwa nzito, kisha huchota tone kwa mwiko na kulivuta kati ya vidole viwili. Likivuta uzi, karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda zinamwagwa humo mara moja. Akiwahi, kashata haishiki, na mnunuzi anabaki na punje mkononi. Akichelewa, sukari inageuka jiwe ndani ya sufuria. Akipatia, huimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, akaisawazisha na kuikata ingali moto, maana ikishapoa kisu hakipiti.

Kashata, basi, ni vitu viwili: chembe kavu zenye lishe, na shira ya kuzishikamanisha. Baa ya protini nayo ni hivyo hivyo, ila mahali pa karanga pamekaa unga wa protini, mwepesi na mkavu kama unga wa muhogo, na unga una kiu kuliko karanga. Unataka gundi nyingi. Wanaonunua baa hizi husoma namba ya protini iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya karatasi. Mhadhara huu unaigeuza karatasi na kuitazama gundi, kwa sababu ndiyo inayoamua baa ni chakula cha namna gani, na kwa sababu kwa miaka ya karibuni gundi hiyo imejifunza kubadili jina.

Jina la baa yenyewe limeingia katika Kiswahili likiwa na mkosi. Baa ni mahali pa kunywea bia, na baa pia ni balaa, kama baa la njaa au baa la nzige. Mche ungefaa, kwa kuwa sabuni ndefu huitwa mche wa sabuni, lakini nani atakula mche? Wanaokwenda jimu wameshaamua kusema baa, na hapa itabaki baa.

Ukoo wa baa hizi haukuanza na wanyanyua vyuma. Mwaka 1937 Kapteni Paul Logan wa Jeshi la Marekani alikwenda kwa kampuni ya chokoleti ya Hershey, jimboni Pennsylvania, na masharti manne: kipande kiwe na uzito wa wakia 4, kiwe na nguvu nyingi, kistahimili joto, na ladha yake iwe nzuri kidogo tu kuliko ya kiazi kilichochemshwa. Sharti la mwisho halikuwa mzaha. Hiki kilikuwa chakula cha dharura, na Logan alijua kwamba askari akipewa chokoleti tamu ataimaliza kabla dharura haijafika. Hershey wakachanganya kakao, sukari, unga wa maziwa na unga wa oti, wakapata kipande cha kilokalori 600, kigumu na kichungu, ambacho askari wa Vita vya Pili vya Dunia walikinung'unikia kama ilivyokusudiwa. Miaka ya 1960 ilipokuwa inakwisha, kampuni ya Pillsbury, iliyokuwa ikishirikiana na NASA katika chakula cha wanaanga, iliwaletea raia vijiti vya kutafuna vilivyoitwa Space Food Sticks. Watoto waliokuwa wakifuatilia safari za mwezini wakavinunua.

Kisha akaja mkimbiaji. Brian Maxwell, mwanamarathoni wa Kanada, aliishiwa nguvu karibu na maili ya 21 katika mbio za London mwaka 1983. Aliporudi California yeye na Jennifer Biddulph, mwanafunzi wa lishe ambaye baadaye alikuwa mke wake, walianza kupika majaribio jikoni. PowerBar ilitoka 1986, na mwaka 2000 Nestlé waliinunua kwa dola milioni 375. PowerBar ya mwanzo ilikuwa baa ya wanga: shira, oti, protini ya maziwa kiasi, mafuta kidogo sana. Ilitengenezewa mtu aliye njiani anakimbia. Protini ilipanda hadi mbele ya karatasi baadaye, pale mteja alipokuwa si mkimbiaji tena bali mtu wa ofisini, mwenye njaa ya saa kumi, anayetaka kitu kitamu kisichomsuta.

Unga huo wa protini unatoka wapi? Mara nyingi, kwenye jibini. Lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo 1 ya jibini. Kinachobaki, kama lita 9, ni majimaji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, ambayo kwa vizazi vingi wenye viwanda vya Ulaya na Marekani waliyaona kero tupu: waliwanywesha nguruwe, waliyamwaga mashambani, waliyamwaga mitoni mpaka wakakatazwa. Protini iliyomo haifiki hata asilimia 1. Lakini teknolojia ya kuchuja kwa utando mwembamba ilipoenea kuanzia miaka ya 1970, takataka ikawa mali. Protini ya majimaji hayo, ile ya jibini yenyewe iitwayo kaseini, na ile ya soya ndizo zinazobeba baa nyingi, na hakuna haja ya kuzitilia shaka. Zote tatu zina asidi amino tisa ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea.

Shaka inaanzia kwenye namba. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia ya kupima nitrojeni katika nafaka. Kwa kuwa protini ya kawaida ina nitrojeni kama asilimia 16, wakemia walichukua nitrojeni wakaizidisha kwa 6.25, wakaita jibu protini. Karne moja na zaidi baadaye, hesabu hiyo bado ipo nyuma ya karatasi nyingi za chakula duniani. Ni njia rahisi na ya kuaminika, ila ina upofu mmoja: haioni protini, inaona nitrojeni. Mwaka 2008 nchini China upofu huo ulileta msiba. Maziwa yalizimuliwa kwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Vipimo vikasoma protini ya kutosha. Watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua, na kwa hesabu ya serikali sita walifariki.

Baa za protini hazina melamini. Zina kitu cha halali kabisa, chenye faida zake, ambacho kinapita kwenye upofu uleule. Ili kukiona, inabidi kuingia kiwandani.

Baa nyingi za protini haziokwi. Unga wa maziwa, shira na mafuta hukandwa katika mashine kubwa hadi donge liwe kama la chapati lililozidiwa mafuta. Donge hupitishwa kati ya roli, likatoka kama mkanda mrefu, likapoozwa, likakatwa vipande, kisha vipande hupita chini ya pazia la chokoleti iliyoyeyuka. Siku ya kwanza baa ni laini, inakubali jino. Tatizo ni mwezi wa nne. Unga wa protini unaendelea kunywa maji ya shira polepole, chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na baa inakakamaa dukani ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Maji zaidi hayawezi kuongezwa, kwa kuwa maji huleta ukungu na bakteria. Wenye viwanda hupigana na ugumu huo kuliko wanavyopigana na washindani wao, na kila silaha wanayoitumia inaacha alama kwenye orodha ya viambato.

Silaha ya kwanza ni kolajeni. Hii ni protini ya ngozi, mifupa na kano, ileile inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Ikikatwakatwa viwandani kuwa vipande vidogo, huyeyuka vizuri, haina ladha kali, na huifanya baa ibaki laini kwa miezi. Ni gundi nzuri. Tena ina nitrojeni tele, kwa hiyo katika kipimo cha Kjeldahl kila gramu ya gundi hiyo huhesabiwa kama gramu ya protini. Lakini kolajeni haina triptofani, mojawapo ya zile asidi amino tisa. Mashirika ya FAO na WHO yalipopendekeza, katika ripoti ya 1991, mizani ya ubora wa protini inayoanzia 0 hadi 1, maziwa na yai yalipata 1, soya ikakaribia 1, karanga zikawa kwenye nusu, protini ya ngano kama robo. Jelatini, ambayo ni kolajeni iliyopikwa, ilipata 0.

Sifuri hiyo isisomwe kwa pupa. Baa haina kolajeni peke yake: ikichanganywa na protini ya maziwa, maziwa hufidia triptofani inayokosekana, kama maharage yanavyofidia upungufu wa mahindi katika makande. Kinachopungua kwenye mchanganyiko ni lusini, asidi amino inayoamsha ujenzi wa misuli. Protini ya majimaji ya jibini ina lusini mara tatu au zaidi ya kolajeni. Anayenunua baa kwa ajili ya misuli, halafu theluthi ya protini yake ikawa kolajeni, amelipia gramu 20 akapata kazi ya gramu pungufu. Kwa Mwislamu kuna swali jingine kabla ya hilo: kolajeni ni ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe? Karatasi nyingi husema, nyingine zinanyamaza.

Sheria zinaliona jambo hili kwa macho tofauti. Marekani, kampuni ikitaka kujisifia protini, lazima iandike asilimia ya mahitaji ya siku, na asilimia hiyo hukokotolewa baada ya kuangalia ubora, kwa msingi wa gramu 50 kwa siku. Ndiyo maana baa yaweza kutangaza gramu 20 mbele, na nyuma ikakiri asilimia iliyo chini ya 40. Umoja wa Ulaya haujali ubora. Kwa kanuni yake ya 2006, chakula huitwa chanzo cha protini ikiwa angalau asilimia 12 ya nguvu yake inatokana na protini, na chenye protini nyingi ikifika asilimia 20. Nitrojeni yoyote inaruhusiwa kuingia.

Silaha ya pili ni utamu usio sukari. Shira ya sukari ndiyo gundi bora kuliko zote, hata mpika kashata anajua, lakini mnunuzi wa baa ya protini hataki kuona sukari. WHO ilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na ikasema kwamba 25 ni bora zaidi. Baa ya shira ingekula nusu ya fungu hilo mara moja. Ndipo ikaingia maltitoli na ndugu zake, ambao wakemia huwaita alkoholi za sukari ingawa hawalevyi hata kidogo. Maltitoli ina utamu unaokaribia wa sukari, inashika unyevu, na mwili hauinyonyi yote. Ulaya huihesabu kwa kilokalori 2.4 kwa gramu, sukari ikiwa na 4. Sehemu isiyonyonywa huteremka hadi utumbo mpana, ambako huvuta maji na bakteria huichachusha. Matokeo yake hayahitaji maelezo marefu mbele ya hadhira. Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 10 ya tamutamu hizi ni lazima iandike onyo kwamba ikiliwa kwa wingi inaweza kuharisha, na onyo hilo hukaa kwa herufi ndogo kiasi kwamba wengi hulifahamu kwa tumbo kabla ya macho.

Maltitoli pia si sifuri kwa mgonjwa wa kisukari. Hupandisha sukari ya damu, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya mezani. Maneno yanayoonekana kwenye baa za Kimarekani, wanga halisi gramu 2 au 3, hupatikana kwa kuchukua wanga wote na kutoa nyuzinyuzi na hizo alkoholi zote kana kwamba hazimo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haina tafsiri rasmi ya maneno hayo. Ni hesabu ya muuzaji.

Silaha ya tatu ndiyo ya kijanja kuliko zote: gundi iliyoitwa nyuzinyuzi. Kampuni ya Quest ya California ilipoanza kuuza baa zake mwaka 2010, watu walishangaa kuona kitu kitamu, laini, chenye protini kama gramu 20 na sukari kidogo mno. Siri ilikuwa shira iitwayo kwa kifupi IMO, inayotokana na wanga na kuandikwa kwenye karatasi kama nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi, au makapimlo kama wanavyosema maafisa lishe wa Tanzania, ni ile sehemu ya chakula isiyomeng'enywa. IMO ilipochunguzwa kwenye damu ya watu ilionekana kumeng'enywa kwa sehemu kubwa na kupandisha sukari. FDA ilipotoa tafsiri mpya mwaka 2016, ikitaka kila nyuzinyuzi ya kutengenezwa ithibitishe faida mwilini, na ilipotangaza 2018 orodha ya nyuzinyuzi za nyongeza ilizozikubali, IMO haikuwemo. Quest ilikuwa imehamia nyuzinyuzi za mahindi zinazoyeyuka. Shira ileile, basi, ilihesabiwa faida, kisha ikahesabiwa wanga, bila kubadilika hata chembe.

Baa moja ya mfano itasaidia kuona vinavyokaa pamoja. Uzito gramu 60: protini 20, mafuta 8, maltitoli 16, nyuzinyuzi 6, sukari 2, na maji na madini 8. Gramu ya protini ina kilokalori 4, ya mafuta 9, ya maltitoli 2.4, ya nyuzinyuzi 2, ya sukari 4. Protini inatoa 80, mafuta 72, maltitoli 38, nyuzinyuzi 12, sukari 8. Jumla ni 210, na protini imebeba asilimia 38. Hizo ni namba nzuri. Lakini theluthi mbili ya kipande hicho, kwa uzito, si protini, na sehemu kubwa ya theluthi hizo mbili ipo humo ili theluthi ya kwanza isisambaratike. Mafuta nayo yakaguliwe. Pazia la chokoleti mara nyingi si siagi ya kakao bali mafuta ya kokwa za mchikichi, tofauti kabisa na mawese mekundu ya Kigoma yanayotoka kwenye nyama ya tunda: zaidi ya asilimia 80 yake ni yale mafuta yanayoganda ambayo madaktari wa moyo huyaonea wasiwasi.

Mayai matatu ya kuchemsha yana protini gramu 19 na kilokalori kama 215.

Hayana nyuzinyuzi, ni kweli, na hayakai mwaka mzima ndani ya mkoba. Hapo baa inashinda, na ushindi huo usibezwe: muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori la masafa marefu, mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula, wote wanaweza kuhitaji kitu kisichoharibika, kisichotaka sahani. Ila wajue wanalipia urahisi.

Wapo waliojaribu kurudi kwenye gundi ya kale. Mwaka 2013 Peter Rahal na Jared Smith, marafiki wa tangu utotoni, walianzisha RXBar huko Chicago kwa gundi ambayo msafiri yeyote wa jangwani angeitambua: tende. Mbele ya karatasi waliorodhesha ute wa mayai 3, lozi 6, korosho 4 na tende 2. Protini gramu 12, hakuna sukari ya kuongezwa, ingawa sukari ya tende ni sukari. Miaka minne baadaye Kellogg waliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 600. Kisha Rahal huyohuyo akageuka. Mwaka 2024 alitoa baa iitwayo David: protini gramu 28, kilokalori 150, sukari 0. Robo tatu ya nguvu yake ni protini, kiwango ambacho hata kifua cha kuku kisicho na ngozi hakikizidi kwa mbali. Hapakuwa na nafasi ya tende tena. Ulaini unaletwa na mafuta yaliyobadilishwa kikemia, yanayojulikana kama EPG, ambayo kwa sehemu kubwa hupita mwilini bila kunyonywa, na miongoni mwa protini zake imo kolajeni. Mwaka 2025 kampuni yake ikamnunua na mtengenezaji wa mafuta hayo. Mtu mmoja ametajirika kwa kuwaambia Wamarekani kwamba baa ni mayai, lozi na tende, halafu akawarudia na baa ambayo hakuna jiko la nyumbani linaloweza kuiiga, na wateja wamemfuata kote kuwili. Pengine wanunuzi hawafuati viambato wala falsafa. Wanafuata namba ya mbele.

Serikali nazo zimewahi kupotezwa na namba. Mwaka 2015 FDA iliiandikia kampuni ya KIND kwamba baadhi ya baa zake hazistahili kuitwa zenye afya kwa kuwa yale mafuta yanayoganda yamezidi kiwango. Yalizidi kwa sababu ya lozi na njugu nyingine. Chini ya kanuni hiyo ya miaka ya 1990, kopo la nafaka tamu lisilo na mafuta lingeweza kupata neno ambalo konzi ya lozi ilinyimwa. FDA ililegeza mwaka uliofuata, na Desemba 2024 ikatoa kanuni mpya inayobana sukari ya kuongezwa.

Na kashata? Kipande cha gramu 60, nusu karanga na nusu sukari, kina protini karibu gramu 8, sukari gramu 30 na kilokalori kama 290. Protini yake ni asilimia 11 ya nguvu: inakosa kwa asilimia moja tu cheo cha Ulaya cha chanzo cha protini. Karanga zenyewe bila sukari zina 18, zinakipata. Maharage ya kuchemsha, yasiyo na karatasi wala tangazo, yanafika 27, na mbele ya sheria ya Brussels ni chakula chenye protini nyingi.

Kuna swali ambalo halijibiwi na karatasi yoyote: mtu anahitaji kiasi gani? FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya 2007, waliweka gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili wa mtu mzima. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50. Wanamichezo huongezewa, wataalamu wa lishe ya michezo hutaja gramu 1.4 hadi 2 kwa kilo. Mtafiti Vincent Onywera na wenzake, wakiwemo Michael Boit na Yannis Pitsiladis, walipima kwa siku saba chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Wanga ulikuwa asilimia 76.5 ya nguvu, mafuta 13.4, protini 10.1. Ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nguvu yote. Palikuwa na maharage, sukuma wiki, viazi, mkate, na chai ya maziwa yenye sukari si haba. Hata hivyo asilimia 10 hiyo, kwa watu wepesi wanaokula sana, ilitosha kuwapa gramu 1.3 kwa kilo, zaidi ya kiwango cha ripoti ya 2007. Chakula chao kingewekwa kwenye karatasi kisingeruhusiwa Ulaya kujiita hata chanzo cha protini.

Asilimia 10 inatokea tena mahali pengine pasipotarajiwa. Miaka ya 1990 daktari Mfaransa André Briend alikuwa akitafuta chakula cha kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali bila kuwalaza hospitalini. Maziwa ya tiba yaliyokuwepo yalihitaji maji safi, na maji safi ndiyo yaliyokosekana. Akajaribu vitu vya kutafuna, baa zikiwemo, lakini kwenye joto ziliyeyuka, na ladha ya vitamini haikufichika. Kilichomfungulia njia, kwa simulizi inayojulikana, ni kopo la mlo wa kupaka mkate, wa chokoleti na njugu. Pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset alichukua siagi ya karanga, akachanganya na unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Plumpy'Nut ikazaliwa mwaka 1996. Leo chakula cha aina hiyo hutengenezwa pia Athi River, nje kidogo ya Nairobi.

Pakiti ina gramu 92, kilokalori 500, protini kama gramu 13: asilimia 10 ya nguvu. Masharti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2007 yanataka iwe kati ya 10 na 12, na angalau nusu ya protini hiyo itoke kwenye maziwa, yale yenye alama ya 1 katika mizani. Lakini jambo la kutazama zaidi ni kwamba Briend aliiacha gundi. Rojo halihitaji kushikana. Kila chembe ya maziwa na sukari imezungukwa na mafuta ya karanga, maji hayamo, kwa hiyo hakuna cha kukakamaa, hakuna cha kuota ukungu, hakuna haja ya maltitoli wala kolajeni. Mama huifinya pakiti mara kadhaa ili mafuta yaliyopanda juu yachanganyike, hukata kona kwa meno, na mtoto hufyonza mwenyewe, taratibu, mikono yote miwili ikiwa imeishika.